Siku Kumi na Tisa Bila Kikohozi

Nilipika miaka ishirini na sita kwenye kantini ya kiwanda cha mabati. Kila asubuhi watu mia nne, na simjui hata mmoja aliyewahi kurudisha bakuli lake likiwa na kitu ndani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, basi, najisifu, kwani nani mwingine atanisifu kwa ukweli? Nataka tu ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku daktari wa wodi aliponiita pembeni na kuniambia kwamba mume wangu itabidi alishwe kwa mpira.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Lifti, hadi watoto wasiomjua vizuri. Kiharusi kilimkuta ndani ya chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo la ghorofa tisa. Wenzake walimshusha mgongoni kwa ngazi zote hizo, kwa sababu lifti alikuwa ameizima mwenyewe ili aifanyie kazi. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito, na koo nalo likasahau kazi yake. Akipewa maji, badala ya kwenda tumboni yanakwenda kwenye mapafu. Daktari alinieleza bila haraka: tunatoboa kitundu kidogo tumboni, tunapitisha mpira, chakula kinaingilia humo, na koo likipata nguvu baada ya miezi kadhaa tunautoa. Wakati huo mume wangu hakuweza kutamka neno. Aliyejibu ni mimi. Nilisema hapana. Nilisema huyu mtu ana mke, na mke wake ni mpishi.

Daktari hakubishana na mimi. Alisema ipo njia ya pili, ila ina kazi, akaenda kumleta mtaalamu wa kumeza. Jamani, mimi sikujua kama kuna watu wanasomea kumeza. Alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, na mfukoni mwa koti lake, pale wenzake wanapoweka kalamu, yeye aliweka uma. Nikambatiza Binti Uma papo hapo, na nyumbani kwetu hakuitwa tena kwa jina lingine.

Alinipa wiki sita. Kwa wiki hizo mume wangu angekula kwa mdomo, nyumbani, lakini kitu kimoja tu: uji mzito usio na punje wala donge. Niangalie anakohoa mara ngapi akila, niandike. Uzito usishuke, kifua kibaki safi. Akivuka hapo, habari ya mpira imekwisha. Akishindwa, ni mpira, na safari hiyo hakuna cha mke wala mpishi.

Akanifundisha. Mimi! Alichota uji kwa ule uma wake akauinua juu, usawa wa macho yangu. Uji unatakiwa ukae juu ya uma kama kilima, uning'inie kidogo katikati ya meno, lakini usitiririke. Ukitiririka ni mwepesi, utamkimbia kooni kabla hajajiandaa. Ukiganda kama udongo, utamkaba. Kila baada ya vijiko vitatu vinne nimwambie aseme "aa," nisikilize. Sauti ikitoka kavu, sawa. Ikitoka na maji maji, kama ya mtu anayesukutua, kuna kitu kimekaa pasipo pake, nisimame hapo hapo.

"Na kikohozi, mama, usikiogope," akasema. "Kikohozi ni mlinzi. Akipiga kelele, maana yake ameona mwizi na anamfukuza. Mimi nataka tu kujua anapiga kelele mara ngapi."

Nilisikia. Naapa nilisikia kila neno. Lakini nilipotoka pale nilikuwa nimebeba kichwani kitu kimoja, ile hesabu.

Kesho yake nikaenda supamaketi. Kule kantini unga ulikuja kwa magunia, unapika ulicholetewa. Hapa nilisimama mbele ya rafu ndefu kuliko sebule yangu: konfleksi, mchele uliovimbishwa, ngano iliyopakwa asali, maboksi yenye picha za wanyama wanaocheka. Binti Uma alikuwa amechagua oti, ile nafaka ya kizungu, kwa sababu zikipikwa huwa na utelezi, zinapita kooni bila kukwaruza. Alichosahau kuniambia ni kwamba oti zenyewe ziko za aina tatu. Kuna zilizokatwakatwa vipande vigumu, kuna zile bapa zilizopondwa, na kuna za haraka, unamwagia maji ya moto tu na uji umekwisha. Nikanunua zote tatu. Muuzaji akaniuliza kama nina hoteli.

Zile za vipande nilizichemsha karibu saa nzima na bado katikati zilibaki na kiini kama kichwa cha sindano. Punje moja ya namna ile kwa koo kama lile, nimeshamzika. Nikazitupa. Za haraka ziliiva kweli kwa haraka, na kwa haraka hiyo hiyo zikawa gundi. Nilizionja nikamwelewa kila mgonjwa aliyewahi kufumba mdomo. Zikabaki zile bapa. Nilizikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu hadi zikanukia, nikazisaga kwenye blenda ziwe unga, nikachekecha, makapi yaliyobaki nikasaga tena, nikachekecha tena. Unga ule nikaukoroga kwenye maji baridi kabla ya kuuweka jikoni, maana ukiutia kwenye maji ya moto unafanya madonge na hapo hata mwiko haukusaidii. Moto mdogo, mkono usisimame. Chumvi kidogo, siagi, maziwa mwishoni. Kisha naupitisha wote kwenye chujio kwa mgongo wa upawa.

Na bado kazi haijaisha. Uji wa oti hauna adabu, hautulii. Unautoa jikoni ukiwa sawasawa, mtu anakula polepole, ukifika kijiko cha kumi umeshakuwa mzito kupita kiasi. Siku tatu nzima nilikuwa nabishana na sufuria. Mwishowe nikajua dawa yake: nagawa bakuli mbili ndogo, ya pili inakaa ndani ya maji ya moto, na kabla ya kila bakuli napima kwa uma. Binti Uma alipokuja wiki ya kwanza akauinua uma wake, akautazama uji, akasema hajawahi kuona uji wa namna hiyo hata hospitalini. Nilivimba kichwa, nisiwadanganye.

Mwenye koo, yeye, hakuupenda. Lifti alikuwa mtu wa konfleksi. Tangu nimeolewa, asubuhi ni bakuli lile lile, maziwa baridi, anakula mbio kabla hazijalainika, kisha huyo, kazini. Mitaani walinitania sana: mke anapikia watu mia nne, mume wake anakula makaratasi ya boksi. Alikuwa anacheka. Sasa nilikuwa namfunga kitambaa shingoni, namwinamisha kidevu kama nilivyofundishwa, namlisha kijiko kwa kijiko, naye ananitazama kwa lile jicho lake zima. Kiamsha kinywa kilichukua saa nzima. Siku ya kwanza alikohoa mara ishirini na tatu. Kila akikohoa naweka kijiko chini, namshika mgongo, na siwafichi, mara nyingine nalia hapo hapo mbele yake.

Sasa, wifi yangu. Ni dada yake mkubwa, fundi wa mapazia, anakaa mtaa wa pili, na mimi na yeye hatujawahi kupikika chungu kimoja. Alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni na futi yake shingoni, akamtazama kaka yake. Akasema anakonda. Akasema namlisha gundi, nimrudishie konfleksi zake. Akasema mtoto wa watu ametoka hospitali yuko hai, anakuja kufa njaa kwa mkewe kwa sababu ya kasichana kenye uma. Nilimweleza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili bila upole. Nilimwambia kwamba konfleksi ndizo mbaya kuliko zote, maana ni vitu viwili mdomoni kwa mpigo, kigumu na maji, na wakati mgonjwa bado anatafuna kile kigumu, maziwa yameshatangulia kwenye mapafu. Akaguna tu.

Wiki ya pili, Alhamisi, nilikwenda kununua oti. Nilichelewa kidogo kwenye foleni. Niliporudi nilisikia kutoka nje sauti ambayo sitaki kuieleza. Nilimkuta Lifti amejikunja juu ya meza, midomo imekuwa ya bluu, na wifi yangu amesimama na bakuli mkononi. Alikuwa ameziloweka konfleksi, maskini. Aliziloweka kwenye maziwa hadi zikalainika kabisa, akaamini zikiwa laini hivyo hata mtoto mchanga wa miezi sita angezimeza. Nilimpiga mume wangu mgongoni kwa kiganja, nikamwinamisha, nikampiga tena, hadi zikatoka.

Kisha mdomo wangu ukanishinda. Wifi nilimfukuza kwa maneno ambayo hata kantini hayakuwahi kusikika, akaondoka analia. Hilo silijutii sana. Ninachojutia ni kwamba nilimgeukia na yeye, mgonjwa, hata pumzi hajaipata vizuri.

"Na wewe unafungua tu mdomo," nikamwambia. "Ukikohoa hivi mbele ya yule binti wanakutia mpira. Unataka watu waseme nini kuhusu mimi? Unataka uniue?"

Alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kupaliwa au ya kitu kingine. Akanyoosha ule mkono wake wa kushoto, akanifuta uso na kile kitambaa chake kilichochafuka.

Jioni ile nilichukua kalenda ya ukutani nikaihamisha, nikaigongomelea mbele ya meza ya kulia, mkabala na kiti chake. Kila kikohozi, nukta moja nyekundu. Nilijiambia ni kwa ajili ya Binti Uma asije akapata shida kusoma. Ukweli ni kwamba nilitaka aione. Kule kantini mtu akivunja sahani nilikuwa naandika jina lake ubaoni, na sahani zikaacha kuvunjika.

Vikohozi navyo vikaanza kupungua. Ijumaa kumi na vinne. Jumamosi tisa. Jumatatu vitano, Jumanne viwili, na Jumatano nikakaa pale na kalamu nyekundu mkononi hadi bakuli la pili likaisha, na sikuandika kitu. Kimya. Nikainuka nikacheza katikati ya sebule, mwanamke mzima na magoti yangu haya. Nikawapigia watoto simu, hata hali zao sikuwauliza, nikasema sifuri, baba yenu leo sifuri. Lifti alikuwa ananitazama, na ule upande mmoja wa mdomo ukapanda juu. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka tangu alazwe hospitali.

Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi kimya kile nilikipigia vigelegele.

Siku zikafuatana tupu, hakuna nukta. Niliamka asubuhi naimba. Nikaanza tena kupiga soga na yeye, mambo ya mtaani, fulani kagombana na fulani, nikimlisha huku namchekesha. Ulimi wake ulikuwa umeanza kufunguka, maneno mawili matatu ya kuvuta, nami nikaona hayo pia ni kazi ya uji. Nikaongeza siagi. Uzito ukapanda nusu kilo. Jirani mwenye mama mgonjwa alikuja kuniomba nimfundishe, nikamwonyesha namna ya kusaga, namna ya kuchekecha, nikampa na nasaha kibao kama daktari.

Ngoja sasa niseme na yale mengine, maana niliyaona. Macho hayana pazia. Niliona kila baada ya kijiko anafumba macho na kushika ukingo wa meza, vidole vinakuwa vyeupe. Nikasema anajitahidi kumeza, hongera yake. Niliona macho yanajaa machozi. Nikasema mvuke wa uji. Niliona mabega yanaruka kidogo na yeye anayakaza. Mara moja au mbili kila asubuhi alinituma jikoni, mara chumvi, mara kitambaa, mara maji ya kunawa, nikafurahi, nikasema mume wangu amerudi, ameanza kunituma. Mchana mwili ukawa wa moto moto, nikalaumu blanketi, nikamtafutia jepesi.

Na ile "aa." Siku za mwanzo nilimwambia aseme kama nilivyoagizwa. Kisha, kwenye zile siku tupu, asubuhi mbili mfululizo ikatoka na maji ndani yake. Niliisikia wazi kabisa. Sikuipenda. Nikamwambia akohoe kidogo asafishe koo, akatikisa kichwa, akaitazama kalenda. Nami badala ya kusimama hapo hapo kama nilivyoambiwa, nikaacha kumuuliza. Nilijiambia si vizuri kumfanya mtu mzima aseme "aa" kila dakika kama mtoto wa chekechea.

Binti Uma alikuwa amesafiri masomoni wiki mbili. Alirudi wiki ya tano, asubuhi, nikamkaribisha kama mtu anayekaribisha mgeni wa harusi. Bakuli ziko tayari, kitambaa kimepigwa pasi. Nikamwonyesha kalenda kabla hajakaa. Nilisubiri apige makofi.

Hakupiga. Aliisogelea, akapitisha kidole kwenye siku tupu, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

"Mama, tangu lini hakohoi?"

"Leo ya kumi na tisa," nikasema. "Hakuna hata kimoja."

Aliweka mkoba chini. Akamsogelea mume wangu, akamsalimia kwa heshima, shikamoo baba, akamwomba aseme "aa." Ilitoka ile ya kusukutua. Akachukua kijiko kimoja cha uji wangu, akaupima kwa uma, hauna kasoro, akamlisha huku ameweka vidole vyake vitatu kwenye koo. Akangoja. Akatoa stetoskopu akamsikiliza kifuani mbele, kisha mgongoni, upande huu, upande huu, muda mrefu. Mimi nimesimama na bakuli la pili mkononi, linapoa.

"Uji huu hauna kosa lolote," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, ndiyo iliyonitia hofu. "Lakini koo kama hili haliwezi kupona kwa siku tano, kutoka nukta kumi na nne hadi sifuri. Mlinzi akinyamaza siku kumi na tisa, mama, hatumpongezi. Tunakwenda kuangalia kama amekufa."

Tulikwenda hospitali kwa gari la jirani. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yote mawili yamejaa weupe chini. Daktari akasema nimonia, na kwamba si ya leo wala ya jana, imejengwa kidogo kidogo kila asubuhi. Kila asubuhi. Nilikuwa nimeshika kikapu chenye bakuli zangu, sijui hata kwa nini nilikibeba.

Binti Uma alitaka kujua koo limepoteza hisia au la. Alichukua kijiti chenye pamba, akamgusa nyuma ya ulimi, mbali ndani. Lifti akakohoa. Akakohoa kikohozi cha nguvu, cha mtu mzima, kitanda kikatikisika. Binti akarudi nyuma hatua moja. Akamgusa tena, akakohoa tena. Akanitazama, akamtazama yeye, na nikaona haelewi.

"Koo lina hisia zote," akasema. "Alikuwa anaweza kukohoa."

Alitoka kwenda kuongea na daktari. Tukabaki wawili. Nilivuta kiti karibu na kichwa chake nikamuuliza. Sikuzunguka. Nikamwuliza kama alikuwa anahisi chakula kikienda njia mbaya. Akafumba jicho na kulifumbua, ndiyo. Nikamuuliza kila siku? Ndiyo. Nikamuuliza sasa kwa nini hukukohoa, baba, kwa nini.

Ilimchukua muda. Alikuwa anatafuta pumzi katikati ya kila neno.

"Nilikuwa... nazuia," akasema. "Ulikuwa umeanza... kucheka tena."

Nilimwambia mambo mengi hapo, sikumbuki yote. Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia nilikuwa namkinga na mpira, si alijua, kila nilichofanya kilikuwa asije akatiwa mpira. Akageuza kichwa kwenye mto, polepole, hadi tukatazamana.

"Mpira," akasema, "mimi... sikuuogopa."

Na ni kweli. Tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza, si daktari, si mimi. Alikuwa amelala pale kimya na mimi nikajibu kwa niaba yake, nikamtilia mtu maneno mdomoni. Aliyeuogopa mpira ni mimi. Mpishi gani huyo, mume wake analishwa kwa mpira? Hilo ndilo nililokuwa nakinga wiki tano nzima, jina langu, na nilikuwa nimempa mgonjwa kazi ya kulilinda.

Siku ya pili walimwekea mpira wa kupitia puani. Nilitia sahihi bila kusoma. Wala hakuupinga, wala haukuonekana kumuuma. Muuguzi alimpitishia maziwa ya dawa kwa bomba la sindano, kwa dakika kumi yamekwisha, na Lifti akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilikaa pale nikatazama. Dakika kumi, hakuna kijiko, hakuna kalenda, hakuna mtu analia. Kama ningekubali siku ile ya kwanza, angekula hivyo, angepumua, na koo lingepata muda wake. Binti Uma alikuja kila asubuhi hata siku ambazo hakuwa na zamu. Hakunilaumu hata kwa jicho, na ningependa angenilaumu.

Dawa zilishindana na yale mapafu siku sita. Siku ya saba, saa mbili kasoro asubuhi, akaondoka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika ule mkono wa kushoto, na dakika zile za mwisho alikohoa sana, nami nikawa namwambia kohoa, kohoa baba, usizuie.

Nyumbani kulijaa watu. Wale wa kiwandani walikuja, mafundi wa lifti walikuja na sare zao, watoto walifika kutoka mbali. Kuna mtu mwenye akili alikuwa ameitoa kalenda ukutani kabla sijaingia, lakini tundu la msumari lilibaki. Watu walinipa pole, wakaniambia nilimhudumia vizuri, ng'ombe haelemewi na nunduye. Nikaitikia tu.

Wifi yangu hakuwa amenisemesha tangu siku ya konfleksi. Mchana wa siku ya pili alisimama katikati ya sebule, watu wamekaa hadi mlangoni, akaomba asikilizwe. Alisema amekuja kunitaka radhi mbele za watu. Alisema alinisema vibaya mtaa mzima, kwamba namwua kaka yake kwa njaa, na yeye ndiye aliyekaribia kumwua kwa mikono yake kwa kutojua.

"Huyu," akasema, akaninyooshea mkono, "alimlisha kaka yangu siku kumi na tisa bila kupaliwa hata mara moja. Kumi na tisa. Nani kati yetu angeweza?"

Watu wakaitikia, wengine wakatikisa vichwa kwa heshima. Mpishi mwenzangu wa zamani akafuta macho. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikasema kwa sauti ya kutosha wote wasikie.

"Alikuwa anapaliwa kila siku. Alikuwa ananificha kwa sababu yangu."

Wifi akapiga magoti mbele yangu. Akanishika kichwa akakilaza begani kwake, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu niolewe, akaniambia nisiseme hivyo, huo ni uchungu unaosema, si mimi. Nikasema tena. Nikataja kalenda, nikataja nukta, nikataja ile "aa." Akawaambia watu wanipishe, sijalala siku saba, nimechoka. Wanawake wawili wakaniinua, mmoja kila upande, wakanipeleka chumbani, wakanilaza kwenye upande wangu wa kitanda na kunifunika. Wakaurudisha mlango taratibu. Nikawasikia huko sebuleni wanaendelea kunisifu.